Skana iliyofutwa lakini bado inakata pesa: kisa cha simu moja na kishikwambi kimoja

"Mwanangu, hii simu inanila."

Shangazi hakuwa akilalamikia bando. Ujumbe wa kukatwa pesa ulikuwa umeingia kwa mara ya tatu, kiasi kilekile, siku ileile ya juma, na jina la anayelipwa halikumwambia kitu. Alikwisha kuilaumu benki, kisha kampuni ya simu, kisha mjukuu wake. Wiki mbili nyuma alikuwa ameniuliza kuhusu programu ya kuskani makaratasi iliyokuwa ikimchosha, nami nikamjibu kwa haraka huku akili yangu iko kwingine: "Ifute tu, shangazi." Akaifuta. Kumbe jibu langu lilikuwa nusu ya jibu.

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Jioni bado anawasaidia watoto wachache masomo, anasoma vitabu kupita kiasi, na ndiye mweka hazina wa kikundi chake. Ana vifaa viwili: simu ya Android 10 yenye hifadhi ya GB 32, na kishikwambi cha zamani cha Android 8.1 chenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 2, alichoachiwa na binti yake. Nakieleza kisa chake kwa urefu kwa sababu makosa mengi ya kutafuta programu nzuri za bei nafuu yalikuwa yamekutana kwenye vifaa hivyo viwili, na mawili kati ya makosa hayo ni yangu.

Skana

Usajili wa kulipia haukai ndani ya programu. Ukilipia kupitia Play Store, usajili unakaa kwenye akaunti yako ya Google, na kuifuta programu hakuugusi hata kidogo. Unaendelea kujilipa wenyewe mpaka uusitishe: fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Malipo na usajili, halafu Usajili. Tulipofika kwenye ukurasa huo skana ilikuwa pale, imetulia kama mpangaji asiyedaiwa, na tarehe ya makato yajayo imeandikwa waziwazi, siku sita mbele.

Tukausitisha. Kisha nikaomba pesa zirudishwe. Google hushughulikia maombi kama hayo ndani ya saa 48 tangu ununuzi. Zikipita, kwa kawaida unaelekezwa kwa mtengenezaji mwenyewe. Makato ya mwisho yalikuwa ya jana yake, yakarudi. Kwa yale mawili ya mwanzo tulimwandikia mtengenezaji, na mpaka naandika hapa hajajibu.

Nilitaka kujua shangazi aliingiaje, maana anaapa kwamba hakukubali chochote. Nikaipakua programu hiyo kwenye simu yangu ya ziada. Ukurasa wa kwanza una picha ya karatasi inayong'aa, na kitufe kikubwa cha kijani chenye neno moja: Endelea. Chini yake, kwa herufi za kijivu kwenye weupe, kuna sentensi ndefu inayosema siku tatu ni za bure, kisha kiasi fulani kila wiki. Alama ya kufunga ukurasa haipo. Nikasubiri huku nahesabu. Ilijitokeza baada ya sekunde tano kwenye kona ya juu kushoto, nyembamba kama uzi, na rangi yake karibu sawa na ya ukurasa. Shangazi ana miwani ya kusomea ambayo huivua akitaka kupiga picha. Basi aligusa Endelea, simu ikaomba alama ya kidole, naye akaweka kidole kama anavyofanya kila siku akiifungua. Mkataba ukawa umesainiwa.

Bei ya kila wiki ndiyo inayoponza watu. Kiasi kile ukikitazama peke yake ni kidogo, hakimstui mtu. Zidisha mara 52. Kwa shangazi jibu lilitosha kununua simu nyingine kama ile anayoishika. Na kazi yenyewe, ya kupiga picha karatasi na kuigeuza PDF, programu ya Google Drive inaifanya bila malipo na ilikuwa tayari kwenye simu yake tangu siku ya kwanza: alama ya kujumlisha, kisha Changanua. Inakata kingo za karatasi yenyewe, inaondoa kivuli, na unaweza kuongeza kurasa moja baada ya nyingine kwenye faili lilelile.

Alinitazama kwa muda. "Kwa hiyo nilikuwa nanunua maji nami nina kisima."

Tulichokikuta ndani

Simu ilikuwa na programu 61 ambazo hazikuja nayo, na hifadhi iliyobaki ilikuwa MB 600 hivi. Tulizipitia moja moja. Nilijifunza mapema kutouliza "hii unaitumia?" kwa sababu jibu ni ndiyo kila mara. Swali linalozaa matunda ni "mara ya mwisho ilikufanyia nini?"

Tochi zilikuwa mbili. Tochi! Android ina tochi yake kwenye mipangilio ya haraka, ile inayoshuka ukivuta kidole kutoka juu, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Moja ya tochi za shangazi ilikuwa na ruhusa ya kujua mahali alipo. Taa haihitaji kujua uko wapi, na jambo hili si la kufikirika tu: mwaka 2013 tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, ilimbana mtengenezaji wa Brightest Flashlight, tochi iliyokuwa imepakuliwa na mamilioni ya watu, kwa sababu ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa mitandao ya matangazo bila kuwaeleza ipasavyo. Tochi ya bure ilikuwa na mlipaji wake.

Za "kusafisha simu" zilikuwa tatu, kila moja ikimtumia arafa kwamba simu imejaa taka na ina joto. Hizi nazifuta bila huruma na bila kuuliza. Kuua programu zilizo kwenye RAM hakuongezi kasi. Android inazihifadhi pale makusudi ili zifunguke upesi, na ukiziua zinaanza upya na kula betri zaidi. Taka za kweli zilikuwa kwingine: video zilizotumwa kwenye makundi, nyingine zimejirudia mara nne. Files ya Google ilizionyesha, shangazi akachagua mwenyewe za kufuta, na GB 7 zikarudi.

Halafu kulikuwa na kisomaji cha misimbo ya QR. Yeye akasema hiki ni kizuri, amekaa nacho miaka na hakijawahi kumsumbua. Ikanibidi nimsimulie habari ya Barcode Scanner, programu iliyokuwa imesakinishwa zaidi ya mara milioni 10, ambayo ilikuwa njema kwa miaka mpaka sasisho moja lilipoigeuza ikawa inafungua matangazo yenyewe. Kampuni ya usalama ya Malwarebytes ndiyo iliyoeleza jambo hilo mwanzoni mwa 2021. Waliokuwa nayo hawakupakua kitu kipya, ilijisasisha tu. Kamera ya simu ya shangazi inasoma QR bila msaada, kwa hiyo hicho nacho kikaenda.

Hapa ndipo lilipo kosa langu la pili. Mwaka 2021 nilimwekea programu ya picha na ya kalenda kutoka familia ya Simple Mobile Tools, ambazo wakati huo zilikuwa huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuendeleza), nyepesi, zisizo na matangazo, na nilizisifia kwa kila mtu. Mwishoni mwa 2023 familia hiyo iliuzwa kwa kampuni nyingine, na waliotaka kuendelea na msimbo wake huria wakaanzisha nakala iitwayo Fossify. Mimi kwenye simu yangu nilihamia Fossify palepale. Simu ya shangazi sikuikumbuka. Unapomwekea mtu programu unakuwa umejipa kazi ya kuirudia, na mimi niliiacha miaka.

Kazi kwanza, programu baadaye

Baada ya kufagia, nilimpa shangazi kipande cha karatasi aandike kazi anazotaka vifaa vimfanyie. Nilimkataza kuandika jina la programu yoyote. Aliandika: kupiga picha mazoezi ya watoto yawe PDF, kusoma vitabu kwa herufi kubwa, kusikiliza masomo ya sauti bila intaneti, hesabu za kikundi, kitu cha watoto wadogo kucheza wakati wakubwa wanasoma. Basi. Kwa kazi tano alikuwa na programu 61.

Mbili zilimalizika kabla chai haijapoa. PDF tumeshaiona. Kwa masomo ya sauti tuliweka VLC, inayotunzwa na VideoLAN, shirika la Kifaransa lisilotafuta faida. Inacheza karibu faili la aina yoyote, haina matangazo, haiuzi toleo la "pro", na haikukinung'unikia kishikwambi kile kizee.

Cha vitabu kilitutoa jasho.

Shangazi alikuwa tayari na programu ya kusomea, na ni toleo la kulipia, tena bila kulipa. Kijana mmoja wa jirani alimtumia faili la APK, yaani programu ya Android ikiwa faili la kusakinisha, kwa ujumbe, "Pro ya bure". Lilikuwa limefanya kazi mwaka mzima, mpaka vitabu vipya vikaanza kufunguka nusu nusu. Akataka lisasishwe. Haiwezekani, na sababu yake inafaa kueleweka. Kila APK hutiwa sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji wake. Android haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani kama sahihi hazifanani. Anayeifungua programu ya watu na kuichokonoa hana sahihi ya mwenyewe, inambidi atie yake. Kwa hiyo nakala ya wizi haiwezi kupokea sasisho halali hata moja, na hakuna anayejua kilichoongezwa humo wakati wa kuchokonolewa. Njia iliyobaki ni kuifuta kabisa na kuanza upya, na ukiifuta inaondoka na data yake.

Data yenyewe ilikuwa alama za kurasa na maandishi ya pembeni kwenye vitabu vitatu. Menyu ya kuhifadhi nakala ilikuwepo, lakini kwenye toleo hilo lililochokonolewa ilijifunga kila tulipoigusa. Mwisho shangazi akachukua kalamu. Nilisoma, akaandika: kitabu, ukurasa, maneno. Saa nzima na dakika ishirini. Katikati ya kazi alisimama na kusema kwamba huyo kijana akija atamwandikisha yeye.

Tulitafuta toleo halali. Programu nyingi za aina hii huuzwa kwa njia mbili. Kuna zile zenye toleo la bure, na ndani yake unalipia kufungua sehemu zilizofungwa. Na kuna zile ambazo toleo la kulipia ni programu nyingine kabisa, unainunua mara moja kabla ya kuipakua. Kwa mtu mwenye familia, njia hii ya pili ni afadhali. Programu iliyonunuliwa hivyo inaweza kuwekwa kwenye maktaba ya familia ya Google Play na kutumiwa na watu wengine hadi watano, ilhali vitu vinavyonunuliwa ndani ya programu kwa kawaida havigawiki. Na hata bila familia, ununuzi unafuata akaunti, haufuati kifaa. Shangazi alikuwa amejiandaa kulipa mara mbili, moja ya simu, moja ya kishikwambi. Alipoiona inajipakua kwenye kishikwambi bila kuombwa kitu, aliniuliza kama tumeiba tena.

Ililipiwa mara moja, na bei yake ilikuwa chini ya wiki mbili za ile skana. Nasema hivi kwa sababu watu wanaposikia "programu za bei nafuu" wanasikia "za bure", na kwenye simu hii ya shangazi zilizokuwa zikiandikwa bure ndizo zilizokuwa ghali.

Jinsi ya kuusoma ukurasa wa Play Store

Nilimwonyesha shangazi namna ninavyotafuta, na najua si namna ya kila mtu. Matokeo ya juu kabisa ukitafuta mara nyingi ni ya kulipiwa, yana alama ndogo ya tangazo, nayaruka. Nikifungua ukurasa wa programu siangalii picha wala sifa, nashuka kwenye Kuhusu programu hii mpaka chini kabisa. Pale kuna tarehe ya sasisho la mwisho, na kama kuna vitu vya kununuliwa ndani, utaona bei ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa kila kitu kimoja. Kwa skana ile pengo kati ya bei hizo mbili lilikuwa kubwa ajabu. Karatasi kugeuka PDF haiwezi kuwa na kitu cha bei hiyo; ukiona pengo kama hilo kwenye programu ya kazi ndogo, ujue kuna usajili umejificha.

Maoni nayapanga kwa mapya kwanza, na ninasoma ya nyota tatu. Ya nyota tano hayana habari, ya nyota moja yana hasira. Wa nyota tatu ndiye anayekwambia inafanya kazi lakini inazima ukizungusha kishikwambi. Sehemu ya Usalama wa data, iliyowekwa 2022, naisoma pia, nikikumbuka kwamba inajazwa na mtengenezaji mwenyewe. Ukitaka jicho la nje, tovuti ya Exodus Privacy ya Ufaransa huchambua programu na kuorodhesha vifuatiliaji vilivyomo, yaani vipande vya msimbo vinavyokusanya habari za mtumiaji, pamoja na ruhusa inazoomba. Unaandika jina la programu tu.

Na F-Droid? Ni duka la programu huria tupu, lipo tangu 2010, nalipenda kwa moyo. Kuna zinazouzwa Play Store ambazo kule zinapatikana bure na ni zilezile: ramani za OsmAnd zenye sehemu zote, kwa mfano, au DAVx5 ya kuoanisha kalenda. Lakini kulitumia kunahitaji kuiruhusu Android isakinishe vitu kutoka nje ya Play Store, na mtu ambaye juzi tu alipokea APK ya jirani kwa ujumbe sitaki azoee kukubali onyo hilo. Kwenye simu yangu lipo. Kwake sikuliweka.

Hesabu na watoto

Hesabu za kikundi nilizishughulikia kwa mbwembwe. Nilimwekea programu mbili za kutunza matumizi, zote za bure, zote zina michoro ya duara ya rangi. Ya kwanza ilikataa kusakinishwa kwenye kishikwambi kwa maelezo kwamba kifaa hakioani na toleo hilo, jambo ambalo vifaa vya zamani vitazidi kukutana nalo kwa kuwa watengenezaji huacha Android za nyuma kidogo kidogo. Ya pili iliingia. Baada ya siku nne nikamuuliza. Akatoa daftari la mistari kutoka kwenye mkoba, ameandika kila kitu kwa wino wa bluu, waliochelewa kwa wino mwekundu. Wanakikundi wanataka kuona na kutia sahihi, alisema, hawataki kuonyeshwa duara. Nikaiondoa programu. Anachofanya sasa ni kuskani ukurasa wa daftari kila mwisho wa mwezi kwa Drive, asije akalipoteza daftari, na sioni kitu cha kuboresha hapo.

Kwa watoto tuliweka GCompris kwenye kishikwambi. Ni kazi ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, ina michezo zaidi ya mia ya watoto wa miaka 2 hadi 10, kuanzia kusogeza kipanya mpaka saa, hesabu na chesi. Haina matangazo wala ununuzi wowote ndani, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Ni nzito kidogo kwa RAM ya GB 2, hufikiri kabla ya kufunguka. Niliifuta michezo mingine yote, hasa mmoja wa kupasua mapovu ambao kila baada ya raundi mbili ulileta tangazo la sekunde thelathini, na ndani ya tangazo kuna kitufe kinachompeleka mtoto moja kwa moja Play Store.

Kabla sijaondoka tuliweka uthibitisho wa nenosiri kwa kila ununuzi, badala ya kidole. Kidole chake ni chepesi mno, yeye mwenyewe alikubali. Simu ilibaki na programu 19 za kuongezwa.

Mwezi uliofuata nilipita, nikakikuta kishikwambi mikononi mwa mtoto wa miaka mitano, na kwenye skrini mapovu yanapasuka. Nikamtazama shangazi. Alisema wamelia siku mbili, GCompris wanaipenda lakini mapovu ni mapovu. Nikataka kuanza hotuba ya matangazo. Akaninyooshea kidole kwenye kona ya juu ya skrini, kwenye alama ndogo ya ndege.

"Nazima mtandao kwanza ndiyo nawapa," alisema. "Tangazo likija linakuta mlango umefungwa."

Nilikaa nikatazama raundi sita. Hakuna lililokuja.